Zawadi mwanangu, kurasa zako mbili zinakusubiri

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu Zawadi,

Marahaba. Huku hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa.

Ulinicheka kwenye simu niliposema kila Jumapili jioni tunakaa chini ya mwembe kuandika ndege na mvua. "Mama, watu wazima na akili zenu mnachora ndege?" Ndiyo, tunachora. Mimi ndiye nachora vibaya kuliko wote, na mjukuu wa jirani wa darasa la pili ananisahihishia miguu.

Jambo lenyewe lilianza kwa ubishi. Nilisema mwaka jana kumbikumbi walitoka kwa mvua ya kwanza, bibi yako akasema ya tatu, mvuvi mmoja akasema sote waongo. Ushahidi hakuna. Kesho yake nikanunua kaunta buku. Tarehe, nani kaona, kaona nini, mwezi ukoje. Hiyo safu ya mwezi niliilazimisha mimi, maana ndiyo ada yako ya chuo: mbalamwezi ikiwaka dagaa hawazijali taa, mitumbwi inalala, nami nabaki na vichanja vitupu.

Siku ya kwanza niliandika "mvua kubwa". Yule mvuvi akasoma, akaniuliza, "Kubwa ya kulowesha khanga au ya kujaza mtumbwi?" Nikakosa jibu. Sasa tumeweka kopo la maziwa uwanjani, na mtoto anapima kwa rula. Juzi, milimita 23.

Usiseme ni mambo ya wazungu. Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika msitu wa Gombe hapa Kigoma Julai 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe anavua mchwa kwa kijiti. Hayo mlifundishwa. Lakini mwaka 1975 watu wanne wa kituo chake cha utafiti walitekwa na wenye silaha waliovuka ziwa, wanafunzi wa kigeni wakaondoka. Walioendelea kumfuata sokwe tangu anapoamka kiotani hadi anapolala walikuwa watu wa huku kwetu, na daftari zao waliandika kwa Kiswahili. Mitumbwi ya kwenda huko si unaijua, inapakia hapahapa tunapoanika dagaa.

Sasa nikupe habari yenyewe. Ndege wawili, fundichuma, wanajenga kwenye mti ule mkubwa karibu na kijito. Kiota kimeshakuwa kama pakacha kubwa la mkaa, na mlango wameuweka kwa chini, wameukandika tope kama mtu anayekandika nyumba. Jumamosi watoto walikaa saa nzima wakihesabu: vijiti 41, mfupa mmoja wa samaki, na kipande cha khanga. Khanga yangu ya bluu! Na mbuzi wa watu nilishamtukana.

Bibi yako haandiki, anasema na mtoto anaandika. Akasema anayebomoa kiota cha fundichuma anajiitia balaa. Mtoto akaandika, "Bibi amesema." Akataka iandikwe kwamba ni kweli. Mtoto akamjibu, "Bibi, sheria ya daftari ni kuandika ulichokiona. Uliiona hiyo balaa?" Alinuna siku mbili, mama wee! Siku ya tatu akaja na kigoda chake, akasimulia mtu aliyebomoa kiota na nyumba yake ikaungua, akamtaka mtoto aandike mwezi ulikuwaje usiku ule. Tumeandika.

Tumekuachia kurasa mbili. Najua hapo bwenini kwenu Dodoma utaniambia hakuna kitu. Dirisha lipo? Basi kaa robo saa, simu weka mbali, uandike kinachopita. Hata kunguru tunampokea, ila sema anafanya nini.

Ukija Desemba niletee penseli ya rangi ya kahawia. Ya hapa imebaki kama ncha ya kidole, na kiota bado hakijaisha.

Mama yako