Vitendanishi vya kuunganisha protini vishughulikiwe kwa uangalifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe vijana wanaoanza kazi za maabara kuhusu vitendanishi vya kuunganisha protini, yaani kemikali za kufungamanisha protini moja na nyingine, ambavyo huharibika upesi kuliko wengi wanavyodhani.

Molekuli ya kitendanishi cha aina hii ina ncha mbili: katika baadhi yake, ncha ya esta ya NHS (kikundi cha kemikali chepesi kumenyuka) hushika amini, yaani vikundi vyenye nitrojeni, za laisini, na ile ya maleimidi, kikundi kingine cha aina hiyo, hushika salfa ya sisteini (laisini na sisteini ni asidi amino zinazojenga protini), hivyo protini mbili zikafungamana. Adui mkubwa wa esta hiyo ni maji. Katika pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ya 7 na nyuzi 0 za Selsiasi, nusu yake huvunjika kwa saa 4 hadi 5, lakini pH ikifika 8.6, hata kwenye nyuzi 4, dakika 10 hutosha.

Nimeshuhudia kichupa kikitolewa kwenye friza na kufunguliwa papo hapo. Unyevu wa hewa ukatanda ndani ya kioo, unga ukashikana madonge, na kazi ya wiki nzima ikapotea huku lawama zikitupiwa protini. Kichupa kiachwe kwanza kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa. Vilevile bafa ya Tris, mmumunyo wa kudumisha pH, ambayo wengi huichukua kwa mazoea, ina amini zake yenyewe, kwa hiyo hukinyakua kitendanishi kabla hakijaifikia protini. Mahali pake ni mwishoni, katika kusimamisha mmenyuko.

Nawasihi wasimamizi wawaeleze wanafunzi sababu za maelekezo haya, wasiishie kuwakabidhi karatasi ya hatua tu.

Wako,
Mfanyakazi wa maabara