Kifaru chepesi si kifaru kizito, jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Sisi tunaocheza vita vya kihistoria mezani kwa modeli, tunapenda sana vifaru vikubwa, hivi vyepesi tunavidharau, na hilo linaniuma maana ndivyo vyenye mambo.

Chukua L3, kifaru chepesi cha Waitaliano, ile waliyoingia nayo Ethiopia 1935. Watu wawili tu ndani, bunduki mbili za rasharasha mbele, na haina kile kichwa cha kuzunguka, kwa hiyo ukitaka kupiga ubavuni lazima ugeuze gari zima. Desemba 1935 pale Dembeguina, Ethiopia, wapiganaji wa kamanda wa Kiethiopia Ras Imru waliliona hilo, wakazisogelea kwa ubavu na nyuma mpaka wakazipanda juu. Sasa mtu anacheza na kanuni zinazoiruhusu L3 kupiga popote, hiyo historia iko wapi? Sheria ya mezani iseme wazi, adui akiwa nyuma yake hapigwi.

Kuijenga nako raha. Kwa skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko gari halisi, inatoka kama sentimita 4 na kidogo, gundi weka kwa ncha ya kijiti cha meno maana ikimwagika inafuta vichwa vya bolti, na hivyo ndivyo vinavyoipa sura yake. Rangi ikikauka, pitisha brashi kavu yenye rangi ya vumbi kwenye minyororo na chini ya bodi, juu acha, usipake kila mahali.

Na wanaocheza kampeni ya 1941, ya kuwatoa Waitaliano Ethiopia, wakumbukeni askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) kutoka huku kwetu, wekeni mezani na wao.

Msomaji wenu, Nairobi