Matapishi ya mnyoo na mikataba ya miaka miwili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kichocho katika fuo za Ziwa Victoria imewashukuru madaktari na wafadhili. Mtu wa maabara hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Nami nimezeekea maabara, kwa hiyo niruhusu niseme.

Nilipoanza kazi hapa Kisumu, kupima kichocho cha tumbo kulikuwa kuomba choo. Unampa mtoto mkebe leo, kesho anauleta au hauleti. Wavulana wakubwa walikuwa wakituona wanatoroka. Ukibahatika kupata, unapaka miligramu 41.7 kwenye kioo, kiasi kisichofika hata punje ya harage, kisha unainamia hadubini kuhesabu mayai. Mwenye minyoo wachache ulimwambia hana kitu, kumbe anao.

Siku hizi twaomba mkojo. Unadondosha kwenye kaseti, kile kibao kidogo cha plastiki cha kupimia, unasubiri dakika 20, na kwa mwenye minyoo mstari unatokea. Kinachoonekana pale si mnyoo wala yai, ni matapishi. Mnyoo huyu wa kichocho anaishi ndani ya mishipa ya damu kando ya utumbo wetu, anakunywa damu, na tumbo lake halina mlango wa nyuma. Mabaki huyatapika kwa mdomo uleule alionywea. Humo mna chembe zake za sukari, ambazo figo huchuja na kuzitoa na mkojo.

Mtafiti André Deelder wa Leiden, Uholanzi, alikuwa akizifuatilia chembe za namna hii tangu miaka ya 1970. Utafiti wa nchi tano za Afrika uliolinganisha kipimo cha mkojo na hadubini, Kenya ikiwemo, ulichapishwa 2013. Hesabu mwenyewe. Ni umri wa kuajiriwa hadi kustaafu, na mada karibu ni ileile, matapishi ya mnyoo. (Mke wangu anasema nisiyataje wakati wa chakula.)

Kwetu nani angepewa muda huo? Nilimfundisha binti mmoja mwenye mkono mwepesi na jicho kali kuliko langu. Mradi uliomwajiri ulidumu miaka miwili, pesa zikaisha, naye akaisha nazo. Sasa anauza mitumba katika soko la Kibuye.

Na kazi ingali ipo. Kuna ule mstari hafifu, si ndiyo wala si hapana. Tulikuwa tunainua kaseti dirishani, huyu anasema upo, yule anamwambia akapimwe macho. Je, ni mnyoo mmoja aliyebaki baada ya dawa, au si kitu? Swali hilo linataka mtu anayeishi na hawa vijana waosha magari wanaoshinda majini, awapime mwaka hata mwaka, si mgeni wa miezi sita.

Basi waulizeni wanaogawa pesa za utafiti kwa nini mkataba mrefu wawaogopesha. Nikipita Kibuye, binti yule bado huniita kutoka kwenye marundo ya nguo: "Mwalimu, ule mstari mliuamua?"

Mstaafu wa maabara,
Kisumu