Barua kwa Mwende kuhusu jengo la Imara Daima

Nairobi

Mpendwa Mwende,

Habari za Machakos? Sisi huku hatujambo. Michoro nimeipata, na nimefurahi sana kwamba mmekubaliana kujenga badala ya kuuza kile kiwanja cha Imara Daima. Lakini nakuomba, msisaini na mkandarasi kwanza.

Msanifu ameuelekeza upande mrefu wa jengo magharibi, tena vioo vitupu. Najua anataka lipendeze kwa wapita njia. Ila jua la saa kumi alasiri limeshainama, linaingia dirishani moja kwa moja. Ofisi zitakuwa tanuri, wapangaji watadai viyoyozi, na bili ya stima haitawaacha. Ligeuzeni: pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, adhuhuri jua huwa juu kabisa, hivyo slabu fupi iliyojitokeza juu ya dirisha inatosha kutia kivuli. Magharibi wekeni ngazi, vyoo na stoo.

Hali ya hewa yetu nayo ni mali. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, usiku kunapoa. Jengeni kwa mawe ya Ndarugo, na juu ya kila dirisha acheni tundu lenye wavu na vyuma, liachwe wazi usiku kucha bila hofu ya mbu wala mwizi. Kuta zikishapoa hivyo, huchelewa kupata joto mchana. Ofisi za UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, zilizofunguliwa 2011, hazina kiyoyozi: hewa ya moto hupanda kupitia uwazi wa katikati na kutokea juu, na paa limejaa sola.

Kinachoniuma zaidi ni zile orofa mbili za maegesho chini ya ardhi. Stesheni ya treni iko hapo hapo, matatu za Mombasa Road zinapita, halafu mnachimba shimo la kulaza magari! Litakula saruji, kisha litahitaji taa, feni na pampu kila siku. Ulizeni kaunti kiwango cha chini cha maegesho wanachokubali. Pesa itakayobaki itengeneze uwazi wa katikati, na njia ya kwenda stesheni yenye lami, taa na paa, maana mvua ikinyesha jioni pale ni matope matupu. Mpangaji anayefika kazini na viatu safi hatahama.

Nitumie namba ya msanifu nizungumze naye wiki hii. Msalimie mama sana.

Wako,
Achieng