Mrija wa Kibofu

Sahare, Tanga

Sahibu yangu Rehema,

Salaam sana. Sisi hatujambo, ila kusi limeshika na samaki wamepanda bei.

Uliniuliza kwa nini kamongo wenu wa Musoma hupanda kuvuta pumzi, na changu wetu hana habari hiyo. Juzi nilipata mwatiko dikoni nikampasua taratibu. Chini ya uti wa mgongo kuna kibofu cha hewa, cheupe, kinang'aa. Ukiyasogeza matumbo bila pupa unauona mrija mwembamba ukitoka kibofuni na kuingia kwenye umio. Kwa njia hiyo mwatiko humeza hewa juu ya maji, na ikizidi huitoa mdomoni. Dagaa wa baharini nao wana mrija, lakini wao umeungana na mfuko wa chakula.

Chewa na changu hawana. Wakiwa wachanga wengi huanza nao, kisha huziba, na tangu hapo hewa huingia na kutoka kibofuni kwa damu, tena polepole. Sasa mvuvi wa mshipi amvute chewa kutoka mita 40, ambako kanieneo, yaani mgandamizo, ni mara 5 ya huku juu! Hewa inatanuka na haina pa kutokea. Macho yanamtoka, na mdomoni kunachomoza kitu kama puto. Wengi hukiita kibofu, wakakitoboa ili samaki mdogo arudi majini. Rehema, ule ni mfuko wake wa chakula! Afadhali ashushwe na kitu kizito hadi kina alikotoka, hewa isinyae yenyewe.

Kamongo ni mbali kabisa. Yake ni mapafu hasa, na tundu lake liko upande wa chini wa umio. Darwin, yule mwanasayansi wa mageuko ya viumbe, alidhani kibofu ndicho kilichogeuka pafu. Wataalamu wa leo wanaona pafu ndilo lililotangulia. Mimi nawaamini, kwa sababu ya silikanti wetu, samaki wa ukoo wa kale sana, yule ambaye nyavu za jarife za hapa Tanga zilianza kumnasa miaka ya 2000 hadi ikawekwa hifadhi yake mwaka 2009. Anaishi kilindini, hewa ya juu haimhusu, lakini ndani ana pafu lililodumaa, limezungukwa na mafuta, na bado limeungana na umio kwa chini, vilevile kama la kamongo.

Ukimpata kamongo mzima, mpasue mwenyewe, usimwachie muuzaji. Anzia kooni, uniandikie umeona nini.

Wako,
Mwanaidi