Waingereza walivyotoka Aden

Swahiba wangu,

Salaam. Umeuliza Waingereza waliwezaje kutoka Aden, koloni lao la bandari kusini mwa Yemen ya leo, mwaka 1967 huku wakipigwa risasi. Mpango ule usome kinyumenyume: anza na askari wa mwisho kupanda helikopta, kisha uulize nani anamlinda, na huyo mlinzi naye atatokea wapi.

Kosa kubwa lilikuwa la wanasiasa. Februari 1966 London ilitangaza kwamba kambi yao ya kijeshi huko Aden itafungwa kufikia 1968, wala Shirikisho la Arabia Kusini, serikali waliyoiunda wao wenyewe huko, halitapewa mkataba wa ulinzi. Ukishatangaza kuondoka, nani atakuletea habari za siri? Wewe unaenda zako, yeye anabaki na NLF na FLOSY, makundi ya wapigania uhuru yaliyokuwa yakiwapiga Waingereza. Hata askari wa Kiarabu walianza kupima upepo; tarehe 20 Juni 1967 baadhi yao waliasi, na Crater, mtaa wa kale wa Aden, ikawaponyoka Waingereza kwa takriban wiki mbili. (Turnbull, yule gavana wa mwisho wa Tanganyika, ndiye aliyekuwa Kamishna Mkuu huko hadi Mei. Dar es Salaam haikumsumbua hivyo.)

Juni hiyohiyo Mfereji wa Suez ukafungwa, meli za kurudi Uingereza zikawa hazina budi kuizunguka Afrika. Familia na mizigo mizito vikatangulia. Askari wengi wakapangiwa ndege, kutoka uwanja wa Khormaksar hadi Bahrain.

Sasa tazama ramani. Khormaksar iko kwenye shingo nyembamba ya nchi kavu inayoiunganisha rasi na bara. Septemba waliachia Little Aden, kisha vitongoji vya Sheikh Othman na Al Mansoura, lakini wakashika mstari wa ulinzi kaskazini mwa uwanja. Mstari ukisogea karibu mno, makombora ya mota ya adui yanafikia njia ya ndege. Ukiwa mrefu, askari hawatoshi. Na kila ndege inayoruka inaondoka na walinzi. Utafika wakati waliobaki hawawezi kuulinda uwanja wanaoutegemea. Dawa ilikuwa manowari: Eagle na Albion zilikaa baharini, na helikopta haihitaji njia ya kurukia.

Trevelyan, Kamishna Mkuu wa mwisho, aliondoka tarehe 28 Novemba. Kesho yake makomando wa kikosi cha 42 cha wanamaji wa Uingereza wakabebwa kwa helikopta hadi Albion, na tarehe 30 ikawa uhuru. Kijeshi, kazi safi. Kisiasa, mazungumzo na NLF yalianza Geneva Novemba ileile, Waingereza wakiwa karibu kumaliza kufungasha, na kilichobaki mkononi mwao cha kujadiliana nacho kilikuwa kidogo sana.

Wako,
Swahiba