Walimu wameongezeka, matroni wetu ni mama mpishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee hesabu za walimu wa sekondari. Ajira zikitangazwa tunasomewa jumla. Aprili 2023, kwa mfano, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, ilitangaza nafasi 13,130 za ualimu. Tulishangilia, maana shule za kata zina njaa ya walimu. Lakini mimi niliyeko Bonde la Rukwa nina swali jingine: kati ya wanaofika huku na kubaki, wanawake ni wangapi?

Nafundisha Fizikia na Hisabati. Niliingia kazini 2006 kwa mlango ule mlioupachika jina la "voda fasta": umemaliza kidato cha sita, mafunzo ya mwezi mmoja, leseni mkononi, haya ingia darasani. MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, ilikuwa imepamba moto, kila kata inajenga sekondari, madarasa yanapauliwa na mwalimu hajulikani atatoka wapi. Baadaye nikaenda chuo cha Mkwawa kuchukua shahada. Mkwawa na DUCE, vyuo vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilianzishwa 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kikafuata 2007, mikopo ikawepo, na vijana wa kiume tukajaa humo. Walimu wa sanaa walizidi hata wengine wakahamishiwa shule za msingi. Wa sayansi bado tunatafutana kwa tochi.

Sasa tazama ofisi yetu. Walimu tuko 13. Mwanamke ni mmoja, wa Kiswahili, naye yuko likizo ya uzazi. Kwa wanafunzi, wasichana ni zaidi ya nusu. Kila muhula tunajaza fomu: jina la patroni, yaani mlezi wa wavulana, na jina la matroni, mlezi wa wasichana. Kwa matroni tunaandika jina la huyo mwalimu aliye likizo, ila kazi yenyewe inafanywa na mama mpishi. Msichana akichafuka darasani haji kwangu mimi makamu mkuu wa shule. Anafunga sweta kiunoni, anashika njia ya jikoni. Mama ndiye anayetunza pedi, ndiye anayejua nani ameacha kula na nani anatapika asubuhi. Analipwa kwa michango ya wazazi, mara nyingi mahindi badala ya fedha, na hakuna karatasi yoyote ya serikali inayomtambua.

Mwaka jana michango ilipokwama akaondoka, akakaa kwake muhula mzima. Daftari la mahudhurio likaanza kusema. Jina lile lile linakosekana siku nne, wiki tatu yupo, kisha siku nne tena. Ukiuliza unaambiwa alikuwa na malaria. Malaria gani hiyo yenye kalenda?

Mimi nikilazimika kuzungumza na binti, natoa viti viwili nje, tunakaa chini ya mwembe mbele ya macho ya shule nzima. Sioni aibu kwa hilo. Tangu 2016 sheria inasema miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba, na hata bila sheria, hivyo ndivyo mwanaume anavyopaswa kukaa na mtoto wa mwenzie. Lakini ni binti gani atakayefungua moyo, aseme baba wa kambo anamfanyia nini nyumbani, huku Kidato cha Pili wote wamejaa madirishani?

Tangu Novemba 2021 waliojifungua wanaruhusiwa kurudi masomoni. Kwetu alirudi mmoja. Saa nne kila siku alikuwa anatoroka, na mwalimu wa zamu akawa anamwandika mtoro. Kumbe anakimbia kwa bibi yake kunyonyesha. Kuomba ruhusa kwetu sisi wanaume alishindwa. Aliyetuambia ni mama mpishi, baada ya kurudi.

Msiseme wanawake hawapangwi huku. Wanapangwa, na wanaripoti. Nyumba ya shule iko moja tu, ya mkuu wa shule. Wengine tunapanga vyumba kijijini. Kijana wa kiume mlango wa bati haumnyimi usingizi. Dada wa miaka 25 peke yake, ni habari nyingine. Kisha anaolewa Mbeya au Sumbawanga mjini, anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, anapata, na ni haki yake. Sisi wanaume wake zetu ndio wanaotufuata. Wangu alikuja, sasa ana shamba la mpunga, nani atamng'oa? Mume aliyemfuata mkewe mwalimu huku bondeni sijamwona bado. Akitokea nitamchinjia jogoo.

Siombi wanaume tupunguzwe. Shule za wasichana za sayansi za mikoani, za SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, zitatuletea walimu wa kike wa Fizikia siku zijazo, na nitafurahi kumkabidhi mmoja wao chaki yangu. Ila msichana aliyeko Kidato cha Kwanza leo hawezi kumngoja.

Ninachoomba ni hiki. Ikama, yaani hesabu ya walimu, ya kila shule itangazwe kwa Me na Ke, shule kwa shule, isiishie jumla ya wilaya au mkoa. Mwalimu wa kike asipangwe peke yake mahali kama huku. Wapangwe wawili shule moja, wawe na wa kusemezana. Mama mpishi anayefanya kazi ya matroni apewe posho inayoeleweka, isiyotegemea kama mahindi yamekubali. Na nyumba za walimu zikikamilika, wanawake waingie kwanza.

Kwetu inajengwa nyumba ya familia mbili, imefika kwenye lenta. Naandika mapema, kabla sisi wanaume hatujaanza kugombania funguo.

Mwalimu wa Fizikia,
Shule ya kata, Bonde la Rukwa